Kwa Nini Watu wa Uwanjani Husema "Nimetua" Kabla ya Kula

Zamani watu wa Uwanjani walikula bila kuitana majina. Chakula kikiiva, aliyepo ananawa, asiyepo anafunikiwa chake, basi. Siku hizo kambi ile ya mabati nyuma ya uwanja wa ndege ilikaliwa na wafanyakazi wa shirika moja tu, na mchana mmoja Apolonia, mke wa fundi Maganga na mama wa Skola, alikuwa kizingitini akifumua pundamilia kwenye shati la mumewe.

Haikuwa mara yake ya kwanza kufumua. Shirika lilipoanza, mikia ya ndege zake ilichorwa mbayuwayu wa buluu, na mashati vivyo hivyo. Akaja mkurugenzi mwingine, akasema mbayuwayu ni mdogo, hana heshima, akaweka pundamilia. Watu wakaulizana pundamilia ameanza kuruka lini, lakini wanawake wakafumua, wakashona. Wa tatu akasema dunia ya sasa haitaki wanyama, akaleta duara jekundu. Maana yake ilikuwa ndefu na ilisomwa mkutanoni. Kambini waliliita nyanya.

Rangi, hata hivyo, haikuwahi kutosha. Ndege moja ilibaki na mbayuwayu, nyingine na pundamilia, nyingine ikapata nyanya. Hilo liliwafaa wanawake, maana kila mmoja alijua mumewe yuko kwenye picha gani. Maganga alisafiri na nyanya. Mume wa jirani, Mama Hidaya, alikuwa mhudumu kwenye pundamilia.

Mama Hidaya akaja mbio kutoka bombani, ndoo tupu.

"Mama Skola! Ndege imeangukia mashamba ya mkonge!"

"Ipi?"

"Wanasema ya mbayuwayu."

Apolonia akashusha pumzi, kisha akaona aibu, kwa kuwa mbayuwayu nayo ilikuwa na wenyewe. Aibu haijaisha, muuza maziwa akafika na baiskeli. Yeye alikuwa ameiona, na ilikuwa ya pundamilia.

"Umemwona kwa macho yako?" Mama Hidaya aliuliza, amekwisha kukaa chini.

"Masikio yake tu, dada. Miguu sikuiona."

Halafu mlinzi wa geti akapita akisema ni ya nyanya. Sindano ikamdondoka Apolonia.

"Kwa hiyo zimeanguka ngapi?" aliuliza mama mkwe wake kutoka ndani.

"Sijui, mama."

"Kama ni zote, si wangesema zote?"

Wakaenda ofisini. Karani akawaambia shirika halina ndege ya mbayuwayu. Picha hiyo ilifutwa. Ya pundamilia nayo, kwa utaratibu, haipo tena.

"Basi iliyoanguka ni ya nani?" Apolonia aliuliza.

Karani akafunua daftari, akaanza kutafuta.

Alasiri ndege ya pundamilia ikatua, nzima. Mama Hidaya akakimbilia kwenye uzio, kanga ikiburuzika. Apolonia akarudi nyumbani peke yake. Hakujua kama alie au asubiri, kwa hiyo akainjika maji. Yalipochemka, akasimama na bakuli la unga. Wa Maganga autie au asiutie? Akiutia, atakuwa anajidanganya. Asipoutia, atakuwa amemzika kwa mkono wake. Akautia.

Giza lilikuwa linaanza kuingia lori la vitunguu liliposimama kambini, Maganga akashuka, vumbi hadi kwenye kope. Iliyoanguka ilikuwa ndege yake. Injini ilizimika, rubani akaiburuza juu ya mkonge, na hakufa mtu. Miiba ilikwangua mkia: upande mmoja nyanya ikabaki, upande wa pili yakatokeza masikio ya pundamilia, na chini kidogo bawa la mbayuwayu. Picha zilikuwa zimepakwa moja juu ya nyingine, na kila mtu alisema kweli ya pale aliposimama.

Apolonia hakuelewa vizuri, wala hakutaka. Aliweka ugali katikati, akashika kifuniko.

"Hakuna kunawa. Nikikuita, itika. Maganga!"

"Si unaniona?"

"Leo watu wameona mengi. Umetua?"

"Nimetua."

"Skola?"

"Nimetua."

"Mama?"

"Mimi sikupanda popote."

"Sema tu, mama."

"Haya, nimetua. Funua basi."

Akafunua. Wote walikuwepo, na unga ulitosha.

Kesho yake Mama Hidaya naye akaita watu wake, kisha nyumba za chini zikafuata. Shirika lilikufa huku mkurugenzi wa nne akisubiri rangi ya picha nyingine. Ndege zimeota majani, na walio wengi Uwanjani leo hawajawahi kupanda hata moja. Lakini toka jioni ile hakuna nyumba pale inayofunua chungu kabla kila mtu hajasema ametua. Aliye safarini husemewa "yu angani", na unga wake hutiwa. Wageni huuliza wenyeji wametua kutoka wapi. Huambiwa waitike kwanza, maana ugali unapoa.