Ndege wa Bosi Shekiondo

Nakijwa, mpiga picha wa Lushoto, alikuwa akiuza picha za milima mtandaoni. Bosi Shekiondo wa hoteli ya ghorofa nne aliipenda moja, lakini badala ya kuinunua akajipakulia sampuli, kisha akapiga simu kumringia.

"Binti, picha yako nimeichukua. Cha mtandaoni ni cha wote."

"Haya, bosi. Ila nakusihi, usiikuze."

"Wewe wa kunipangia? Nitaikuza ifunike ukuta mzima!"

"Ukuta mzima? Jamani bosi, utaniua!"

"Kufa basi!"

Siku ya uzinduzi wa picha hiyo hotelini, pazia likavutwa mbele ya wageni. Wale waliokuwa kama ndege wadogo angani kwenye simu, ukutani walikuwa herufi ndefu kama milango: ALIYEBANDIKA PICHA HII HAJAILIPIA.

Bosi akampigia Nakijwa akifoka.

"Bosi, si nilikusihi usiikuze?"