Barua Pepe za Kiboko Mgonjwa

Niwape nisiwape?
Tupe!
Nikiwapa mtaibeba?
Tutaibeba, hata ikiwa nzito!
Basi kaeni vizuri, maana ninayemsimulia ni mzito kweli.

Palikuwa na Kiboko, mkuu wa ghala la kumbukumbu la hospitali ya wanyama. Ukuu aliupata kwa upana. Siku ya usaili alikaa mlangoni, wenzake wakashindwa kupita.

Ghalani mlikuwa na mashine zilizotunza habari za kila mgonjwa, na swichi sita zilizozipitisha habari hizo mpaka kwa daktari. Swichi hupata joto zikifanya kazi, kwa hiyo chumba chao kiliwekewa bomba la hewa baridi. Kiboko akalitamani. Leo akaligeuza kidogo kuelekea ofisini kwake, fyuu. Kesho akaligeuza tena kidogo, fyuu. Mwisho hewa yote ikawa yake, naye akalala humo tumbo juu, akijiita mchapakazi.

Swichi zikachemka. Siku moja, swichi mbili zikazima, daktari akashindwa kuona kwamba mtoto wa Swala hapatani na dawa fulani. Akampa dawa hiyo hiyo. Mtoto akavimba uso, akapona kwa taabu.

Fundi wa ghala alikuwa Pimbi, mnyama mdogo kiasi cha kulala ndani ya kiatu. Akamwendea Kiboko, akamwomba airudishe hewa. Kiboko akasema hewa ni ya wakubwa. Basi Pimbi akaomba swichi zipangwe zijipime zenyewe, joto, feni na umeme, na zikizidiwa zitume barua pepe. Kiboko akacheka mpaka meza ikatikisika, akauliza kama swichi nazo zitataka uji wa mgonjwa. Lakini neno "barua" lilimpendeza.

"Ziende kwa nani, mzee?" Pimbi akauliza.

"Kwa Baraza lote la hospitali. Wajue kwamba hapa tunafanya kazi."

"Na mtumaji awe nani?"

"Kila kinachotoka hapa hutoka kwa jina langu. Jina langu tu, la mwingine lisionekane."

"Kama ulivyosema, mzee."

Pimbi akayaandika yote kwenye fomu, Kiboko akaigonga muhuri wa unyayo wake bila kuisoma. Kusoma kulimchosha.

Pimbi akaipangia kila swichi kikomo cha joto. Akaingiza anwani za wajumbe wa Baraza. Mahali pa mtumaji akaandika: Kiboko. Akatuma barua moja ya majaribio, ikafika. Akaenda zake kula majani.

Adhuhuri joto likapita kikomo.

Ting, simu ya Tembo, mwenyekiti wa Baraza. Kiboko anasema, joto langu limezidi.
Ting. Kiboko anasema, feni yangu imesimama.
Ting. Kiboko anasema, hewa hainifikii, nakaribia kuzima.

Tembo akaona mtumishi wao anafia kazini. Akamchukua daktari, wajumbe na wabeba machela wanane, puru puru puru mpaka ghalani. Wakavunja mlango wa ofisi. Kiboko alikuwa anakoroma, bomba limefungwa kwa kamba ubavuni mwake.

Daktari akampima, akasema huyu ni mzima, ila ni baridi kama samaki aliyetoka kwenye friza. Wakafungua chumba cha pili, cha swichi. Joto likawachoma pua.

Swala, naye mjumbe wa Baraza, akaligeukia lile bomba.

"Mwanangu alivimba kwa sababu ya hewa hii?" akauliza taratibu.

Kiboko akajitetea kwamba barua zile hakuziandika yeye. Pimbi akaileta ile fomu, Tembo akamwonyesha Kiboko unyayo wake. Hakuna mwingine aliyekuwa na unyayo wa kipumbavu namna ile.

Wakamfukuza pale pale. Akagoma kutembea, ikabidi atolewe kwa machela. Wabebaji wote wanane wakaumwa mgongo wiki nzima, na kitu cha mwisho kusikika kikawa chubwi, mtoni.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia aniachie, nitampa jirani.

Na fundisho lake, wanangu, ni utii. Ujanja ni tabia mbaya. Mkubwa wako akikuagiza jambo, usibishane naye. Lifanye vile vile alivyosema, neno kwa neno.