Makisio ya Bwana Shamte

Bwana Shamte alikuwa na kiwanda cha sabuni, na roho yake chafu vilevile. Kiwanda kilinyonya maji ya mtaa mzima, Mwanapili mfua nguo akabaki na mabeseni makavu.

Karani wa maji akaja kuandika makisio ya maji ambayo kila mtu atatumia: ukikisia mengi, unalipa mengi.

"Mimi mapipa arobaini kwa siku," akasema Mwanapili.

"Mjinga wee, watakukamua!" Shamte akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Karani, mimi niandikie mawili." Akatia sahihi.

Jumatatu mafundi wakaweka koki za kupimia kwenye mabomba, kila mtu apate alichojiandikia tu. Saa tatu kiwanda kikakauka. Shamte akamkimbilia Mwanapili.

"Nani alikwambia habari za koki?"

"Mashati ya karani nafua mimi, bwana."

"Basi niuzie maji, mama. Pipa bei gani?"

"Kisia."