Siku Wakubwa Waliposhika Maji Mdomoni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, na migomba nyuma ya nyumba, na vyama vya kila namna, maana hata wakati huo hakuna aliyeweza kuishi bila mwenyekiti, kulikuwa na Chama cha Wakamua Ndizi.

Kazi ya chama ilikuwa moja. Kila mwezi mwanachama mmoja aliwaita wenzake kwake, wakamsaidia kukamua ndizi alizozivundika shimoni mpaka zikaiva. Ndizi zinamenywa, zinatiwa kwenye hori, lile gogo refu lililochongwa katikati, zinakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi, na maji matamu yanatoka. Maji yanaingia mtungini, yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa, mtungi unafungwa, na baada ya siku mbili ukoo mzima una pombe.

Hivyo ndivyo ilivyosemwa. Ilivyokuwa ni kwamba mwenyeji alikamua na wakubwa wakaonja.

Wakaonja! Kiboko alikuwa mwenyekiti, na kuonja kwake kidogo kulikuwa mtungi mzima. Nyati alikuwa katibu, naye alionja ili kuthibitisha alichoonja mwenyekiti. Fisi hakuwa na cheo. Yeye alionja tu.

Halafu kulikuwa na sheria. Mwenyeji ambaye hadi jua linatua hajafunga mitungi mitano, hori lake linachukuliwa na mwenyekiti, "kwa matunzo." Nyuma ya nyumba ya Kiboko mahori yalikuwa yamefika manne. La mwisho lilikuwa la Kanga, na katika hori hilo Kiboko alikuwa akiloweka miguu.

Mwezi huo zamu ilikuwa ya Mama Pimbi.

Pimbi mnamjua: mdogo, wa mviringo, mkia hana, meno yapo. Hori lake lilichongwa na mama yake, na mama yake hakuwepo tena. Asubuhi ya siku yenyewe alikuwa amekwisha kulifuta mara tatu, na sasa alikuwa analifuta mara ya nne.

"Utalitoboa," alisema Kanga, aliyekuja kumsaidia kumenya.

"Ndizi zimetosha? Niambie kweli. Zimetosha?"

"Mwenzangu, ndizi za kujaza mitungi mitano ninaziona. Za kujaza mitungi mitano pamoja na tumbo la Kiboko, hapana. Hizo hazijapandwa."

"Nikimwomba aonje kidogo?"

"Mimi nilimwomba. Akaniambia, 'Kanga, unataka kunifundisha mimi kuonja?' Ikabidi nimwombe radhi. Na hori akalichukua."

Pimbi aliketi chini. Meno yake yalianza kugongana, ka-ka-ka-ka, kama kawaida yake akiogopa, na alipojaribu kuyazuia yakazidi.

"Wanakuja," alisema Kanga.

Ardhi ilikuwa imekwisha kusema. Tifu! Tifu! Tifu! Migomba ikayumba, na Kiboko akatokea, jasho linamtoka, nyuma yake Nyati, na nyuma ya Nyati Fisi, ambaye tayari alikuwa na mrija wake wa kunywea sikioni, kama fundi na penseli yake.

Pimbi aliyaonea haya meno yake. Wageni watasikia yanavyogonga! Akachota maji ya kunywa mtungini kwa kata, akajaza mdomo, akafumba. Meno yakatulia.

"Hodi hapa!" alinguruma Kiboko.

Pimbi alimtumbulia macho.

"Nimesema hodi! Mama Pimbi! Mwenyekiti anapiga hodi, mwenyeji ananitazama kama jiwe? Mbona hujibu?"

Pimbi alitaka kujibu, lakini maji yalikuwa mengi. Alitikisa kichwa. Akaonyesha mashavu yake yaliyovimba. Kiboko akakunja uso. Nyati akamtazama Kiboko, kisha naye akakunja uso.

Glup! Pimbi akayameza yote.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Unisamehe. Nilikuwa... nilikuwa nimeshaanza."

"Kuanza nini?"

Haya sasa. Kuanza nini? Pimbi akasikia sauti ndogo inasema, na sauti ilikuwa yake:

"Kushika maji. Si siku ya kukamua leo? Ile desturi, Mwenyekiti."

"Desturi ipi?" aliuliza Fisi.

Pimbi hakumjibu Fisi. Alimtazama Kiboko, kwa sababu hakuwa na pengine pa kutazama.

"Ile ya wakubwa," alisema. "Mtu asisogelee hori bila maji mdomoni, ili pumzi isichachushe ndizi. Mimi ni mdogo, niliisikia juujuu tu. Wewe ndiye unayeijua yote."

Kanga alifumba macho. Pimbi akajiambia, Basi, nimekwisha. Sasa atacheka, kisha atalibeba hori.

Kiboko hakuwa amesikia desturi hiyo hata siku moja. Lakini alimwona Nyati anamtazama, na Fisi anamtazama, na Kanga amefumbua jicho moja. Mwenyekiti mzima aseme sijui?

Akakohoa. "Ah! Ile!"

"Ndiyo, ile," alisema Pimbi, kwa sauti isiyosikika.

"Nilikuwa nangoja nione kama kuna anayeikumbuka. Vijana wa siku hizi! Babu yangu mimi alikuwa anashika maji tangu asubuhi. Ndoo mbili! Hadondoshi hata tone."

"Hata mimi nilisikia," alisema Nyati haraka. "Ndoo mbili."

"Wewe ulisikia wapi?" aliuliza Fisi.

"Nilisikia! Mimi ni katibu."

Pimbi aliona mlango umefunguka upana wa unywele, akaogopa kuingia, akaogopa zaidi kubaki nje. "Na babu, Mwenyekiti, nisaidie hapo, alikuwa akiyatema wakati gani? Hapo ndipo mimi sina uhakika. Wengine wanasema mtungi wa kwanza ukijaa..."

"Wa kwanza?" Kiboko alibenua mdomo. "Huo uvivu! Mpaka mtungi wa mwisho ufungwe. Wa mwisho kabisa!"

"Tena wa mwisho kabisa," alisema Nyati.

"Na tutaonjaje?" aliuliza Fisi.

"Utaonja baadaye! Kwani umekuja kunywa au kukamua?"

Na mwenyekiti mwenyewe, kwa mkono wake, akachukua ndoo ya kwanza ya Mama Pimbi, akaimimina mdomoni. Gudu-gudu-gudu. Akachukua ya pili, maana alikwisha kuitaja. Akafumba. Macho yakamtoka.

Nyati akajaza. Kanga akajaza, mdomo wake ni mdogo, matone manne. Fisi akalalamika, akajaza. Pimbi naye akajaza, kwa sababu meno yalikuwa yanataka kuanza upya.

Kazi ikaanza, bila neno.

Kiboko aliketi kwenye kigoda na kumwonyesha Nyati kwa kidole: Ingia horini. Desturi yenye babu haiwezi kufanywa na Pimbi peke yake, ingeonekana ndogo. Nyati akaingia. Chubwi! Miguu minne juu ya ndizi tupu.

Pimbi aligeukia mzigo wa nyasi, bado haujaguswa. Nyasi! Nyasi bado!

Ndizi mbivu, wanangu, haitoi maji hivi hivi. Ukiikanyaga bila nyasi inageuka rojo, rojo inageuka gundi, na ndizi zote zimekwenda. Kila aliyewahi kukamua anajua. Lakini katibu alikuwa mwanachama kwa miaka sita na hakuwahi kukamua. Alikuwa akionja.

Choko! Choko! Nyati alikanyaga kwa bidii, na ndizi zikaanza kunata kwenye kwato zake. Pimbi alitaka kupiga kelele, "Ngoja!" Mdomo ulikuwa umejaa. Akitema yeye, kila mtu atatema. Asipotema, ndizi zimekwisha. Alijitega mwenyewe, mjinga huyu! Alizunguka hori mara mbili, mbio, mikono kichwani.

Kisha akakumbatia mzigo wa nyasi uliomzidi kimo, akaurusha horini, puu! Nyati hakuelewa, aliendelea kukanyaga pembeni. Pimbi akaruka juu ya ukingo, akaung'ang'ania mguu wa mbele wa Nyati, akamng'ata.

"Mmmmh!" alilia Nyati. Akauinua mguu. Pimbi akasukuma nyasi chini yake. Mguu ukashuka. Akaung'ata wa pili. "Mmmh!" Nyasi. Wa tatu. Kufikia wa nne Nyati aliuinua mwenyewe, kabla ya kung'atwa.

Fyaa-choko, fyaa-choko. Nyasi zilishika ndizi, zikazisugua, povu likapanda jeupe, na chini ya povu, polepole, maji yakaanza kuchuruzika. Kanga akaweka chujio la nyasi na kata ikaanza kwenda.

Mtungi wa kwanza. Wa pili. Pimbi hakuthubutu kutazama upande wa Kiboko. Harufu ya maji ya ndizi, mnaijua, inaingia puani hata usipotaka, na Kiboko alikuwa na pua kubwa. Mate yanajaa, na mdomo hauna nafasi. Jasho lilikuwa linamtiririka kama mvua kwenye bati.

Mtungi wa tatu.

Hapo ndipo Fisi alipomtazama mwenyekiti: mashavu kama maboga mawili, macho mekundu, kigoda kinalia chini yake. Akamtazama Nyati anavyoinua miguu kama bibi arusi anayeogopa matope. Mabega yake yakaanza kutetemeka.

Usicheke, aliomba Pimbi moyoni. Fisi, kwa ajili ya mama yako, usicheke.

"Pffff-hi-hi-hi-hiii!"

Maji yakaruka mpaka kwenye ukuta. Fisi alijikunja, akajipiga magoti. "Tazameni! Tazameni tulivyo! Nani amewahi kuona mambo haya? Mimi nimezaliwa hapa, nimeonja kwenye nyumba zote, sijawahi kusikia desturi hii! Kapimbi haka kanatudanganya!"

Nyati alisimama. Kata ilisimama mkononi mwa Kanga. Mitungi miwili ilikuwa mitupu, na jua lilikuwa limekwisha kuinama nyuma ya migomba.

"Mwenyekiti, tema!" alisema Fisi. "Tema, useme kweli. Babu yako alifanya hivi?" Na akauchomoa mrija sikioni, akauelekeza kwenye hori.

Wote walimtazama Kiboko. Pimbi alimtazama Kiboko.

Kiboko alijua Fisi anasema kweli. Alijua tangu asubuhi. Alikuwa na kiu, mgongo ulimuuma, na mbele yake kulikuwa na hori la maji matamu. Kilichotakiwa ni kitu kimoja: ayateme maji yale na kusema, "Nilidanganya. Babu yangu hakushika maji. Sikuwa najua."

Kiboko akainuka. Tifu. Tifu. Akafika horini. Mrija wa Fisi ulikuwa umebakiza upana wa kidole kufika majini.

Kwaja! Mguu wa mwenyekiti ukaukanyaga mrija, ukawa vipande.

"Mmmh!" alisema Kiboko, kwa hasira ya watu kumi. Akaonyesha kata. "Mmmh!" Akaonyesha mdomo wa Fisi.

"Lakini Mwenyekiti..."

"MMMMH!"

Fisi akachukua kata, akajaza mdomo maji matupu, akafumba. Nyati, kwa kuwa katibu hakawii, akaanza kukanyaga mara mbili ya mwanzo.

Mtungi wa nne. Wa tano. Pimbi alitia unga wa mtama, akafunika kila mtungi kwa jani la mgomba, akalifunga kwa ukili, akazungushia udongo. Fundo la mwisho alilifunga mara tatu. Jua lilikuwa bado na vidole viwili vya kwenda kabla ya kutua.

Ndipo akatema. Na wote wakatema. Kiboko alitema mto mzima, kuku watatu wakakimbia.

"Sasa," alisema Kiboko, sauti imekauka, "tufungue mmoja. Nionje."

"Mwenyekiti," alisema Pimbi, na safari hii hakuhitaji maji, "ukifunguliwa leo, mitungi inabaki minne. Na sheria inasema mitano iliyofungwa."

Kiboko alimgeukia katibu. Nyati aliihesabu mitungi, kwa uaminifu wa aliyeikamua mwenyewe. "Moja, mbili, tatu, nne, tano. Imetimia. Na yote imetoka kwenye miguu yangu, Mwenyekiti. Nisingependa ifunguliwe kabla ya siku yake."

Wakaenda. Pimbi alisimama mlangoni akitabasamu mpaka migomba ya mwisho ikaacha kuyumba, kisha akaketi ndani ya hori, kwenye nyasi zilizolowa, akalia kidogo. Kanga akamwacha alie.

Mwezi uliofuata zamu ilikuwa ya Ngiri. Kabla hajasema hata karibu, Kiboko alisimama uani akatangaza kwamba hakuna atakayesogelea hori bila maji mdomoni, na si maji yoyote tu, yawe ya kisima, na ashikaye apige magoti mara moja kwa heshima ya babu. Fisi aliuliza kama hilo la magoti nalo ni la zamani.

"La zamani sana," alisema Kiboko.

Basi wanangu, mkiogopa kusema "sijui" mtashinda na kiu mbele ya hori lililojaa.