Hotuba ya Moto ya Diwani Shehoza

Diwani Shehoza alikuwa amekizungushia kisima cha mtaa uzio wa mabati. Siku ya mkutano alimwita Bi Mwanamvua, mwandishi wa risala za harusi.

"Niandikie hotuba nzito, kama za wasemaji wa kale. Watu wasipotikisika, wewe hutachota maji tena."

"Nitaandika, mheshimiwa. Ila usiipitie kabla. Wasemaji wa kale walizifungua jukwaani, zikiwa moto."

Diwani alipanda jukwaani, akaikunjua karatasi, akanguruma.

"Enyi wana wa nchi, je, mwenye kiu hunyimwa maji?"

"Hanyimwi," umati ukajibu, na makofi yakamlevya. Akainua mkono juu, akaupaza mstari wa mwisho:

"Basi inukeni, mkaung'oe uzio ule sasa hivi!"

Alipotambua alichosoma, umati ulikuwa umeshafika kisimani. Bi Mwanamvua alitangulia, ndoo mkononi.