Mikato Kumi na Minne

Rangi haiulizi; aulize mpakaji.

Ndivyo alivyowaambia shangazi yenu asubuhi, alipowakuta na kopo la rangi ya dhahabu mmekizunguka kinu cha marehemu bibi yenu, mkitaka kukigeuza meza ya maua. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza msemo huo kautoa wapi. Hakuutoa mbali. Ulianzia hapa hapa Ifakara, na aliyeusababisha kwa kosa lake ni mimi babu yenu. Basi kaeni niwaeleze, ila msinitazame sana usoni.

Wakati huo nilikuwa fundi baiskeli mwenye jina. Mnaijua Ifakara: mtu anaweza kukosa viatu asikose baiskeli. Kibanda changu kilikuwa karibu na soko, na mbali ya kuziba pancha nilikuwa napamba. Nilisuka spoku kwa nyuzi za rangi, nilichora maua kwenye madigadi, nilifufua vyuma vilivyokwisha kutupwa. Watu walinisifu, nami nikazoea kusifiwa, mwisho nikawa najisifu mwenyewe bila kusubiri mtu. Hapo ndipo fundi huharibika.

Alikuwepo mzee mmoja, Ladislausi, mzaliwa wa milima ya Mahenge. Ugonjwa wa usubi ulimpofusha angali kijana, akiwa na watoto wawili wadogo. Mkewe, Bibi Kunegunda, alikuwa akiwafulia nguo daktari mmoja wa kigeni na mkewe, na hao walipoondoka nchini walimwachia baiskeli yao. Haikuwa baiskeli kama hizi mnazozijua. Ilikuwa ndefu, yenye viti viwili, sukani mbili na pedeli za watu wawili. Wa mbele ndiye anayeongoza. Wa nyuma anakanyaga tu, na usukani wake haugeuki, ni wa kujishikia.

Watu walidhani Bibi Kunegunda ataiuza. Wapi! Alimpandisha mumewe nyuma, yeye akakaa mbele, wakashika njia. Walikwenda shamba, kanisani, hata safari za mbali. Wapo waliowacheka, eti mwanamume mzima anaendeshwa na mkewe. Wao walipiga kengele wakapita.

Bibi Kunegunda alipofariki, baiskeli iliwekwa sebuleni, ikafunikwa kitenge chake. Ilikaa hivyo miaka mitatu, mpaka mjukuu wao Salvina alipochumbiwa. Kamati ya harusi ilikuwa imeona mahali fulani baiskeli ya zamani iliyopambwa, imesimamishwa mlangoni mwa ukumbi, maharusi wanapiga picha mbele yake. Wakaitaka na wao. Mama yake Salvina, ambaye ni binti wa Mzee Ladislausi, akanijia kibandani akiikokota.

"Fundi Damasi," akasema, "baba amekubali ipambwe. Ila amesema usianze kabla hujamwita. Anataka awepo."

"Awepo afanye nini, mama?"

"Hakusema. Wewe mwite tu, nitamleta."

Nikaitikia. Alipokwisha kukata kona, niliwageukia wateja waliokuwa kibandani, nikasema, "Jamani, kipofu atachagua rangi gani?"

Walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Naona aibu kulitamka neno hilo mbele yenu, lakini nikiliruka nitakuwa nimewapaka rangi na nyinyi.

Sikumwita. Nilianza kazi siku ile ile. Kwenye usukani wa nyuma kulikuwa na kipande cha mpira wa tairi la ndani kimefungwa, kwenye kiti kamba yenye fundo, na kwenye pedeli moja soli ya kandambili imeshonewa kwa waya. Niliona ni uchafu wa watu wasiojua vitu vizuri, nikavikata vyote. Halafu nikaliona bomba la juu, lile linalotoka kiti cha mbele kuja nyuma. Lilikuwa na mikato ya tupa, mmoja baada ya mwingine, imepangwa sawasawa. Wa mwisho peke yake ulikuwa umepinda na kuchimbika vibaya, kama aliyeukata alikuwa mlevi. Nikasema moyoni, watoto hawa, wakiachiwa tupa wanaharibu kila kitu.

Mikato ile mingine niliijaza puti nikaipiga msasa. Ule uliopinda ulinikera, puti haikukaa vizuri, basi nikachukua tupa yangu kubwa nikaukwangua mpaka ukaisha kabisa, ndipo nikajaza juu yake. Nilifanya kazi siku nne. Nilipaka nyeupe, rimu nikazipulizia dhahabu, nikafunga kikapu cha maua mbele na kingine nyuma, na kwenye fremu nikaandika kwa mkono wangu: Salvina na Otmari. Nikapitisha kiganja juu ya lile bomba. Lilikuwa laini kama yai. Sidhani kama nimewahi kujivunia kitu namna ile.

Siku ya harusi watu walijaa kuitazama. Walinipa mikono, wakaniwekea kiti cha mbele pamoja na wanakamati. Chakula kilipokwisha kupakuliwa, MC akatangaza kwamba babu wa bibi harusi atatoa wosia, na ameomba autolee pale kwenye baiskeli. Mama Salvina akamshika mzee mkono mpaka pale. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyompwaya, anatabasamu kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni stendi.

"Salvina, njoo karibu na mumeo," akasema. "Niwekeeni mkono kwenye bomba la juu."

Wakamwekea. Vidole vyake vikatembea kutoka kwenye kiti cha mbele kuja nyuma, polepole. Vikarudi. Vikaja tena. Tabasamu likamtoka. Akashuka kwenye pedeli, akapapasa, akapanda kwenye usukani, akapapasa. Waliokuwa wakitafuna wakaacha.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii ni ya nani?"

"Ni yenu babu. Yako na bibi."

"Siyo hii. Ya bibi yako ina mikato kumi na minne, na alama zangu za kupapasia kwenye kiti, usukani na pedeli. Mmeniletea baiskeli ya watu."

"Ndiyo yenyewe, baba," akasema Mama Salvina, na sauti ilikuwa imeanza kumkatika. "Imepambwa tu."

"Alinikatia mikato ili nisome," mzee akasema. Hakusema kwa hasira, alikuwa anaeleza tu. "Kila safari kubwa tuliyokwenda na kurudi salama, mkato mmoja. Nilitaka leo nimsomee Salvina, mmoja mmoja, ajue ndoa ni kitu gani. Ndiyo sababu niliomba niitwe. Nilitaka kumwambia fundi, pamba popote upendapo, pale usiguse."

Mama Salvina akageuka kunitafuta. MC naye akaita kwenye kipaza sauti, "Fundi Damasi! Fundi wetu yuko wapi?"

Wajukuu zangu, nilikuwa nyuma ya maspika, nimechuchumaa na sahani ya pilau mkononi. Nilikuwa nimeondoka kwenye kiti cha mbele mzee aliporudisha vidole mara ya pili, maana hapo nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nilisikia jina langu likiitwa mara tatu, na mara tatu sikutoka. Mama mmoja mpishi aliniona. Alinitazama, akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Ndipo nikamsikia mzee akisema, "Mwacheni fundi wa watu. Rangi hii wanasema ni nzuri, nami nakubali. Rangi haina kosa. Rangi haiulizi, hufunika chochote inachowekewa. Wa kuuliza ni mpakaji." Akatafuta mikono ya maharusi, akaikutanisha. "Otmari, mwanangu, wosia wangu ndio huo. Mkeo akiwa na jambo moyoni, usilifunike kwa zawadi wala maneno matamu. Uliza kwanza. Na wewe Salvina vivyo hivyo. Rangi haiulizi; aulize mpakaji."

Watu wakapiga makofi. Baadhi walilia. Mimi nilitoroka kwa mlango wa jikoni, na sahani ya watu mkononi.

Kesho yake baada ya misa nilikwenda nyumbani kwa mzee. Nilizunguka uzio mara mbili kabla ya kubisha. Alikuwa barazani, na baiskeli imeegemezwa ukutani karibu naye, nyeupe pepepe. Salvina na mumewe walikuwepo, wamekuja kuwaamkia wazee. Hakuna aliyenikaribisha kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyo ni fundi?"

"Ni mimi, mzee."

"Nimeambiwa ulisema, kipofu atachagua rangi gani."

Mji huu hauna siri. Ningeweza kukana, na ulimi ulikwisha kujiandaa kukana. Nikasema, "Nilisema, mzee."

"Ungeniita ningekujibu. Ningechagua ile iliyokuwepo."

Nilipiga magoti pale pale. Alisikia magoti yakigusa sakafu, akasema, "Ukipiga magoti utafanyaje kazi? Simama. Umekuja na msasa?"

Nilikuwa nao. Nikaanza kuondoa rangi yangu mwenyewe, mbele ya maharusi, kwenye lile bomba nililojivunia. Niliichokonoa puti kwa ncha ya msumari, na mikato ikaanza kurudi. Kila mmoja ulipofunguka, mzee alinyoosha kidole akaugusa, akamwambia Salvina ulikuwa wa wapi. Huu wa Lupiro, walipokwenda kuzika. Huu wa Mahenge, walivyosukuma baiskeli mlima mzima kwenda kumwonyesha mama mzazi wa mzee mtoto wao wa tatu. Huu wa siku pantoni ilipokwama katikati ya Mto Kilombero na Bibi Kunegunda akaimba mpaka abiria wakaacha kuogopa. Hivyo hivyo mpaka mikato kumi na mitatu, na Salvina alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

Kisha kidole chake kikafika mahali pa mwisho. Nilikuwa nimetoa puti yote, na chini yake palikuwa chuma kitupu, kimenyooka.

"Wa kumi na nne?" akauliza.

"Huo niliukwangua kwa tupa, mzee. Haupo."

Alipapasa tena pale pale. Kisha akasema, "Huo niliukata mimi, kwa kupapasa. Bibi yako, Salvina, alikuwa anaumwa, hawezi tena kukanyaga. Alikaa mbele akaushika usukani tu, ananiambia kulia, kushoto, tuta. Mimi nikakanyaga peke yangu mpaka hospitali. Macho yake, miguu yangu. Safari hiyo nilirudi mwenyewe, nimeshikwa mkono. Sikustahili kuuhesabu, maana hatukurudi wote. Lakini niliukata."

Ule mkato niliouita wa mlevi. Nikaitoa tupa niliyokuja nayo, nikasema, "Mzee, nikukatie mwingine pale pale?"

Akageuza uso kunielekea, na kwa mara ya kwanza nikaona tabasamu dogo.

"Leo umeuliza," akasema. "Ahsante kwa kuuliza. Usikate."

Basi sikukata. Pale mahali pamebaki laini mpaka leo, kwenye baiskeli iliyo sebuleni kwa Salvina, na kila anayeuliza kwa nini pako hivyo anaambiwa. Jina langu huwa hawalitaji. Mzee aliomba wasilitaje, na hilo nalo linaniuma kuliko kutajwa.

Kinu cha bibi yenu kina mchubuko mkubwa ukingoni, mmeuona? Mlikuwa mnataka kuuziba. Nendeni kwa shangazi yenu mkamuulize ulitokana na nini, halafu ndiyo mnijie na kopo lenu. Rangi haiulizi; aulize mpakaji.