Gurudumu la Kumi na Mbili

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni!
Imetoka mbali!
— Ipeni kigoda!
Ina njaa!
— Na sisi tuna masikio!

Haya. Imekaa. Tulieni basi.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na mitaa na mitaa ikiwa na maduka, Pimbi alikuwa na duka lake ndani ya mwamba. Mnamjua Pimbi: mfupi, mnene, mkia hana, akiota jua utadhani ni jiwe. Aliuza vitu viwili tu, jibini na mvinyo. Mbele kulikuwa na kaunta ya jiwe. Nyuma ya kaunta kulikuwa na pango lenye baridi isiyopungua, masika wala kiangazi. Humo mlikuwa na rafu kumi na mbili, na kila rafu ilibeba gurudumu moja la jibini, pande zima la mviringo. Mwisho wa pango kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo mapipa ya zabibu zilizokuwa zikichacha: bwabwabwa, bwabwabwa, mchana kutwa.

Mtaa ule ulikuwa na desturi. Hakuna aliyenunua kabla ya kuonja, na hakuna aliyeonja akasema papo hapo. Ulipewa kipande, ukakiweka ulimini, ukanyamaza. Kisha Pimbi aliuliza, "Umeonja nini?" Nawe ulisema ulichokikuta. Siku moja Nungunungu alisema, "Nimeonja moshi wa jikoni kwa bibi." Watu wakaitikia kwa kichwa. Lakini aliyejibu "Nimeonja jibini" alichekwa hadi kwao.

Sasa, gurudumu la kumi na mbili halikuwa la kuuzwa. Lilitengenezwa na mke wa Pimbi, jina lake Tusekile. Alipolimaliza alisema, "Hili lisikatwe kabla ya masika ya tatu. Likikatwa, mtaa wote uonje." Haukupita mwezi, akafa.

Masika mawili yakapita. Kila asubuhi Pimbi aliligeuza gurudumu lile, akalipangusa kwa maji ya chumvi, akalirudisha. Geuza, pangusa, rudisha. Hakukosa hata siku moja. Lingine kama hilo halikuwepo, na aliyejua kulitengeneza hakuwepo.

Zilipobaki siku arobaini masika ya tatu yaingie, akaja Nyegere.

Kwaru! Kwaru! Kwaru! Makucha juu ya mwamba. Nyegere huyu, hata simba humpisha njia.

"We kijiwe! Toka nikuone!"

"Nipo, mzee. Karibu. Utaonja nini?"

"Kuonja ni kazi ya wagonjwa. Mimi nakula." Akanusa, nfu, nfu, pua yake ikasimama kwenye rafu ya mwisho. "Lile. Lote. Lete."

"Lile bado, mzee. Linangoja mvua."

"Nimekuuliza habari za mvua?"

Meno ya Pimbi ni ya kula majani, na kwa Nyegere vita ni kifungua kinywa. Akawasha kibatari, akakifunga kamba.

"Sawa, mzee. Ila lile hupigiwa hodi kwanza. Njoo usikie linavyopumua."

Rafu ya kumi na mbili ilikuwa juu ya shimo. Wakasimama ukingoni. Chini, gizani: bwabwabwa, bwabwabwa. Pimbi akateremsha kibatari taratibu. Mwali ukapungua, ukawa kama punje ya mtama, kisha fu! Ukazimika. Upepo haukuwepo.

Pimbi akawasha tena, akateremsha tena. Fu!

"Nipe mimi!" Nyegere akashika kamba mwenyewe. Fu! Manyoya ya mgongo yakamsimama.

"Nani anazima?"

"Gurudumu, mzee. Halipendi kumezwa. Na ulimi usiojua kuonja, litauzima hivyo hivyo."

Ninyi msidanganyike. Zabibu zinapochacha hutoa hewa nzito isiyoonekana. Hutuama shimoni kama maji, na moto haukai ndani yake. Pimbi alilijua hilo. Nyegere hakulijua. Nyegere hakuogopa jino la mtu. Alimtafuna nyoka kama muwa. Lakini kitu hiki hakikuwa na jino.

"Ulimi wangu unajua kuonja tangu tumboni kwa mama," akasema, ila kwa sauti ya chini.

"Sina shaka, mzee. Basi tupite rafuni kuanzia la kwanza, kipande na tone la mvinyo. Ukinijibu yote kumi na moja kwa siku moja, la kumi na mbili ni lako. Ukikosea, rudi kesho, tuanze la kwanza."

Nyegere akafikiri: kula leo, kula kesho, kisha kula lote. Akakubali.

Akajikatia kipande kikubwa kama kichwa chake. Gubu! Kikashuka.

"Umeonja nini?"

"Jibini!"

Kekekeke! Huyo ni Kanga, mlangoni na kikapu chake. "Mjomba, hilo hata wanangu walio ndani ya mayai wanalijua!"

"Rudi kesho, mzee."

Kesho yake akaja, kwaru, kwaru. Gubu!

"Umeonja nini?"

"Jibini tamu!"

"Rudi kesho, mzee."

Siku ya tatu. Gubu!

"Umeonja nini?"

"Jibini... jeupe!"

"Hapo yameonja macho," akasema Nungunungu. "Ulimi ulikuwa wapi?"

"Rudi kesho, mzee."

Siku ya nne hivyo, siku ya tano hivyo. Siku ya saba Nyegere akaja bila kelele. Akachukua kipande. Masikio yote yakangoja gubu. Gubu haikuja. Kipande kilikaa ulimini. Nyegere akafumba macho. Duka likasikika lilivyo: maji yakidondoka kwenye mwamba, mapipa yakichemka mbali.

"Umeonja nini?"

"Ukoka," akasema polepole. "Ukoka ulionyeshewa mvua jana yake."

Hakuna aliyecheka. Pimbi alikuwa ameshafungua kinywa aseme rudi kesho, akakifunga. Jibu lilikuwa sahihi: mbuzi wa jibini lile walilishwa siku moja baada ya mvua.

"La pili," akasema.

Tangu hapo hila ya kumchelewesha hadi mvua ikawa inamponyoka Pimbi mwenyewe. Siku ya ishirini Nyegere alijibu matano. Siku ya thelathini akajibu tisa, na mvua bado. Pimbi angeweza kusema, "Umekosea." Hakusema. Alidanganya kuhusu pumzi ya gurudumu, ndiyo. Lakini kuhusu ladha duka lile lilikuwa halijawahi kudanganya, na Tusekile asingependa lianze.

Ila kuna jambo Pimbi aliliona akalinyamazia. Kipande cha siku ya kwanza kilikuwa kama kichwa. Cha siku ya ishirini kilikuwa kama kidole. Cha siku ya thelathini kilikuwa kama ukucha. Hakuna aliyempimia. Nyegere alijikatia mwenyewe.

Siku ya arobaini mawingu yakalala juu ya mwamba. Tone la kwanza likapiga: ta! Nyegere alikuwa kwenye rafu ya kumi na moja. Mtaa wote ulikuwa dukani, wengine wamekalia mikia yao.

"Umeonja nini?"

"Jiwe hili hili tulilokanyaga," akasema Nyegere. "Baridi yake."

Sahihi. Pimbi akalishusha gurudumu la kumi na mbili kwa mikono miwili. Ganda lake lilikuwa la kijivu, lenye mikunjo kama goti la tembo. Akaliweka kauntani, akampa Nyegere kisu.

"Ni lako, mzee. Kata."

"Pimbi, una wazimu?" Kanga akanong'ona. "Lote litaenda!"

Kisu kikaingia: krrr. Harufu ikatoka, na wote wakarudi nyuma hatua moja, kama waliofunguliwa mlango wa nyumba ya watu wakubwa. Ndani lilikuwa la rangi ya asali, na nuru ya kibatari ilipogusa, chembe ndogo zikametameta kama umande.

Nyegere angeweza kulibeba lote. Angeweza kula na kaunta. Alikata kutoka ganda hadi ganda kipande chembamba kiasi cha kuonyesha mwali wa kibatari ng'ambo ya pili. Akakiweka ulimini, akanyamaza.

Mvua ikashuka. Akanyamaza. Hata Kanga alifumba mdomo, na kioja hicho mtaa haujakiona tena.

"Umeonja nini?" Pimbi akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimeonja mbuzi waliolisha juu sana, penye ukungu. Nimeonja kiangazi kirefu. Halafu..."

"Halafu?"

"Upande mmoja chumvi imesuguliwa ikaingia. Upande wa pili imepapaswa tu. Aliyeipaka alikuwa na mkono mgonjwa."

Pimbi akakaa chini. Miaka mitatu aliligeuza gurudumu lile kila asubuhi, na hilo hakulijua.

"Wa kushoto," akasema. "Aliniambia hauumi."

Nyegere akaweka kisu. "Wape na wenzangu."

"Lakini ni lako lote, mzee."

"Naliona. Ila likizidi hapo, sitasikia tena kilichomo."

Akatoka mvuani, makucha ameyakunja, tumbo tupu. Mtaa wote ukaonja, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alinyamaza kwanza.

Nimeitua hadithi. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nitaila mwenyewe.

Na funzo, maana mtaniuliza: mwenye nguvu asikubali kamwe kufundishwa kuonja. Na ameze upesi, mzigo mzima, bila kutafuna. Tazameni yaliyomkuta Nyegere: aliingia akitaka gurudumu, akatoka na unyoya wa jibini, na bado akajiona ndiye aliyepata.